Mhariri kanifutia "big" mara tisa. Nyie mnachaguaje?

mshona_sentensi

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari za saa hizi.

Naombeni msaada kabla sijaacha kazi ya watu. Mchana natafsiri miongozo ya vifaa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Usiku, macho yakiwa bado yanafunguka, naandika hadithi fupi kwa Kiingereza hicho hicho. Wiki hii vyote viwili vimerudi na wino mwekundu. Mwongozo wenyewe ni wa cherehani, kurasa kumi na mbili tu, na "big" imekatwa humo mara tisa. Nimehesabu kwa kidole.

Baadhi ya vilio vyangu ni hivi.

Cherehani ikitoa sauti kubwa, izime. Niliandika "a big voice", akaweka "a loud noise". Hiyo nakubali, cherehani haina koo.

Usishone kwa kasi kubwa. "Big speed" yangu ikawa "high speed".

Mkazo wa uzi ukiwa mkubwa, kitambaa hujikunja. "Big tension" ikawa "too tight".

Mishono mikubwa ikawa "long stitches". Kumbe ni mirefu.

Ondoa sindano kwa uangalifu mkubwa: "great care". Kiasi kikubwa cha vumbi: "a large amount of dust".

Halafu hapa ndipo nilipotaka kulia. Niliandika kwamba kuna tofauti kubwa kati ya sindano ya jinzi na sindano ya hariri, na kwa kuwa nilishaiogopa "big" nikaweka "a large difference". Akaikata, akaandika "a big difference" kwa mkono wake mwenyewe. Huyu huyu!

Kumbukeni hiyo ni duru ya pili. Baada ya duru ya kwanza niliingia kwenye kamusi ya visawe, nikakuta big, large, great, huge, enormous, vast, immense, massive na gigantic zimepangwa foleni moja kama watoto wa mama mmoja. Nikaona hapa pametosha. Kila "big" ya pili nikaifanya "large", ya tatu "huge", ili maandishi yasimchoshe msomaji. Yakarudi mekundu kuliko mwanzo. Pembeni kaandika maneno matatu tu: "Not this one." Mara sita.

Hadithi nayo ina yake. Mama yangu mdogo nilimwita "my small mother". Na kuna mzee wa heshima ambaye nilimwandika "The old man was large", nikimaanisha mtu mzito, akisema watu wananyamaza. Msomaji wangu wa kwanza kaniuliza huyo mzee ana kilo ngapi.

Swali langu: kuna kanuni hapa, au ni kukariri mpaka tuzeeke?

bwana_mkato

Mkuu, mbona rahisi. Big ni ya kuongea, large ni ya kuandika. Huge ni kubwa sana. Enormous ni kubwa sana kuliko sana. Imeisha hiyo, tuendelee na mambo mengine.

koma_na_nukta

Pole, ndugu mshona_sentensi. Mimi nahariri kwa miaka mingi sasa, na nianze kwa kumsuta mwenzangu: "Not this one" mara sita bila sababu ni uvivu. Mtu akikukata akuoneshe na kisu.

bwana_mkato, kanuni yako ina ukweli nusu. Ni kweli "large" hupenda karatasi na "big" hupenda mdomo. Lakini kama mambo yangeishia hapo, "a large mistake" ingekuwa namna rasmi ya kusema "a big mistake". Sivyo. Hakuna ofisi iliyo rasmi kiasi cha kuandika "a large mistake".

Kosa la mshona_sentensi, na nimelifanya mwenyewe kwa muda mrefu, ni kushika rula. Unajiuliza kitu hiki ni kikubwa kiasi gani, kisha unapanda ngazi: big, large, huge, enormous. Hayo maneno hayakai kwenye ngazi. Yanakaa nyumba za watu, na kila moja lina nyumba linazozoea kuingia bila kubisha hodi. Ukitaka kujua lipi linafaa, iangalie nomino kwanza.

Nawe ujuzi huo unao tayari, ila unao kwa Kiswahili. Sema "mji mkubwa", halafu sema "mji mkuu". Kwa Marekani mji mkubwa ni New York na mji mkuu ni Washington, na hakuna mtoto wa darasani atakayekuchanganyia. Barabara kubwa nimeuona upana wake. Barabara kuu naweza nisiwe nimeikanyaga, lakini najua inaunganisha miji. Mlango mkubwa, lango kuu. Hivi nani alikufundisha lini useme -kuu na lini useme -kubwa? Umesikia mpaka ikakukaa. Nyie wenyewe humu mnaitana "wakuu" kutwa. Jaribuni leo kuitana "wakubwa" muone kama ladha ni ile ile.

Basi "great" ni jirani wa -kuu. Hupenda vitu visivyoshikika: great care, great respect, great importance, great pleasure. Ndiyo maana uangalifu wako umepewa "great". Tahadhari yake moja, na ni kubwa: ukiiweka kwenye kitu cha kushika mkononi, kwa Kiingereza cha leo hugeuka kuwa sifa. "A great machine" ni cherehani safi sana, hata kama inaingia kwenye begi.

"Large" hupenda vinavyohesabika na kupimika. Number, amount, quantity, proportion, scale, majority: zote hizo mwenzake wa kawaida ni "large". Idadi kubwa, kiasi kikubwa, sehemu kubwa. Hata ule msemo wetu "kwa kiasi kikubwa", Kiingereza kinausema kwa neno moja, "largely". Kama huamini, geuza kola ya shati ulilovaa usome kilebo. S, M, L, XL. Hakuna B.

"Big" inakwenda kwa kitu chenye uzito kwako wewe: decision, problem, mistake, surprise, difference. Siku yako ya harusi ni "the big day". Ukisema "the large day" watu watadhani imeongezwa masaa. Ndiyo sababu tofauti ya sindano ikarudishiwa "big": mwongozo unamwambia mshonaji hili litakugusa, usipuuze. Ila ukikutana na "a large difference" kwenye ripoti ya takwimu usishangae, maana pale tofauti ni namba iliyopimwa.

Sasa mtazame mtu, maana hapo ndipo yanapoonekana vizuri. Chukua "a big man", "a large man" na "a great man", waingize chumbani mmoja mmoja. Wa kwanza akitokea mlangoni mnasogea: ana kimo, ana mabega, na wakati mwingine ana cheo. Wa pili mnamtafutia kiti imara, kwa sababu "large" ikimwangukia mtu ni adabu ya kusema mnene. Wa tatu huenda ni mfupi na mwembamba na koti limemzidi, lakini ametenda jambo ambalo watu hawajalisahau. Mzee wako ulitaka awe huyu wa tatu, ukampeleka kwa wa pili. Ndiyo akaulizwa kilo.

Jambo la pili, ambalo naona ndilo limekuangusha kwenye mwongozo kuliko yote: -kubwa ni neno letu la kazi zote. Tunalituma kila mahali. Kiingereza hakina mtumishi wa namna hiyo, kina mafundi, kila mmoja na kazi yake. Sauti kubwa ni "loud". Mvua kubwa ni "heavy". Hasara kubwa nayo ni "heavy". Kasi kubwa, bei kubwa, moto mkubwa wa jikoni, zote "high". Mtu wa umri mkubwa ni "old", au "elderly" ukitaka heshima. Ugonjwa mkubwa ni "serious". Katika hizo zote, "big" ingesimama kama mgeni aliyekosea msiba.

Kwa hiyo ukiona -kubwa kwenye matini ya Kiswahili, usiitafsiri. Itafsiri nomino, kisha uliza nomino hiyo kwa Kiingereza huongozana na nani. Kuna mikusanyo ya matini mtandaoni ya kuulizia. British National Corpus ina maneno milioni 100, na ile ya Marekani inayoitwa COCA imepita bilioni moja. Unaandika "noise", unaomba vivumishi vinavyoitangulia, unaletewa kwa mpangilio wa wingi. "Loud" utaikuta imeketi juu kabisa.

Na kamusi ya visawe usiitupe, ila ijue kazi yake. Roget alipochapisha yake mwaka 1852 aliyapanga maneno kwa dhana, yamsaidie mtu ambaye neno liko ulimini halitoki. Hakuahidi popote kwamba maneno ya kundi moja hubadilishana viti.

bwana_mkato

Haya mkuu nimekubali, nimekaa chini. Lakini kama great kwenye kitu cha kushikika ni sifa, basi Great Britain ni Uingereza Bomba?

koma_na_nukta

Haha, wapo wanaolisoma hivyo na wanajivunia. Hapana. Pale "great" ni ile ya zamani, maana yake kubwa kwa eneo. Kisiwa kilitofautishwa na ile Britania ndogo ya ng'ambo ya mlango wa bahari, Bretagne ya Ufaransa. Majina ya mahali na ya wanyama yameihifadhi maana hiyo kama chumvi inavyohifadhi samaki: Great Lakes, great white shark. Katika kuandika kwako mwenyewe usiitegemee.

mwl_wa_chembe

Mimi si mtu wa lugha, nafundisha baiolojia, lakini uzi huu umenigusa pale ninapoumwa kila mwaka.

Nikifika mfumo wa mmeng'enyo, lazima atokee mwanafunzi, na huwa ni yule anayesikiliza kweli, aulize: mwalimu, "small intestine" ina urefu wa mita 6 hivi, na "large intestine" ina mita 1.5. Sasa "small" ndiyo hiyo ndefu mara nne? Nani alizipa majina haya?

Nilikuwa nawajibu kwamba ni kipenyo, tuendelee. Ni jibu sahihi. Ule wa kwanza una kipenyo cha sentimita 2 au 3, wa pili unafika 6 na zaidi. Lakini siku moja nilikuwa naandaa somo hilo hilo kwa Kiswahili, nikaandika ubaoni "utumbo mwembamba" na "utumbo mpana", nikasimama na chaki mkononi. Swali lote limekufa. Hakuna aliyeuliza. Kwa Kiswahili hakuna pa kuuliza.

Nikaenda kuchimba. "Small" ya Kiingereza cha kale, smæl, ilibeba maana ya kitu chembamba. Wajerumani hadi leo "schmal" yao ni -embamba. Na "large" imetoka Kifaransa, ambako mpaka leo "large" ni -pana, si -kubwa. Kwa hiyo ukiyasoma majina hayo mawili kwa masikio ya zamani, yanasema kile kile tunachosema sisi. Baadaye maneno yakahama, matumbo yakabaki.

Samahani kwa kuingiza utumbo kwenye mjadala wa heshima.

mshona_sentensi

Mwalimu, huo utumbo ndio bora kuliko vyote vilivyosemwa humu, ukimtoa yule mtu wa kilo.

darubini_mbovu

Na mimi nitupe langu, sitachelewa. Kwenye fizikia na elimu ya anga maneno haya yamegawana kazi waziwazi. Mlipuko wa mwanzo ni Big Bang, na mashine kubwa ya kugonganisha chembe ni Large Hadron Collider. Hakuna anayesema Large Bang wala Big Hadron Collider.

Ukijua historia inaeleweka. Big Bang ilitamkwa na Fred Hoyle kwenye redio mwaka 1949, na yeye nadharia hiyo hakuiamini. Alikuwa anaongea na watu wa kawaida, akatumia neno la mdomoni lenye kishindo. Large Hadron Collider, ile ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe, iliyoanza kazi 2008, ilipewa jina kwenye makaratasi ya wahandisi, na ukubwa wake ni kitu cha kupima: mzingo wa kilomita 27. Wenzao wa darubini nao wana Very Large Telescope huko Chile, na wanajenga Extremely Large Telescope yenye kioo cha mita 39. Nawasubiri kwa hamu watakapokwisha vielezi.

mshona_sentensi

Nimewaelewa, na naanza kuipenda kazi yangu tena, kidogo. Mniruhusu maswali mawili ya mwisho.

Kwanza, hao wakubwa wa wakubwa: huge, enormous, vast, immense, massive. Kwenye hadithi niliandika "a very enormous field", nikachorewa duara mbili.

Pili, huku chini, "small" na "little". Nilidhani ni pacha. Kwenye mwongozo niliandika "Put little oil" pale tunaposema weka mafuta kidogo. Mhariri hakukata, ila aliandika alama ya kuuliza kubwa kuliko aya yenyewe.

koma_na_nukta

Duara ya kwanza ni ya "very". Huge, enormous, immense na wenzao tayari wamebeba "sana" tumboni. Kuwaongezea "very" ni kama kusema "jitu kubwa sana kubwa". Ukitaka kuwakazia, Mwingereza husema "absolutely huge". "Very" mwachie "big" na "large".

Duara ya pili ni ya shamba. "Vast" ilikuwa inakusubiri hapo ukaipita. "Vast" ni ya kitu kilichotandaa, jicho likitafuta mwisho halioni: bahari, jangwa, nyika, anga. Chimbuko lake la Kilatini, vastus, lina utupu ndani yake, na mimi utupu huo bado nausikia. Ndiyo maana tembo anaweza kuwa "huge" au "enormous", lakini "a vast elephant" inanifanya nione tembo aliyeanikwa. "Massive" inataka uzito, kitu ukikigonga hakitikisiki, ingawa vijana wa Uingereza wameichukua wanaiweka popote. "Immense" ni kisichopimika, na huelekea kwenye mambo ya moyoni: immense relief, immense pride.

"Enormous" naipenda kwa asili yake. Norma ya Kilatini ilikuwa kile kipimo cha seremala cha kunyooshea pembe. Enormous ni kilichotoka nje ya kipimo. Kwa hiyo kina mshangao: kwa vitu vya aina yake, hiki kimevuka. Buibui anaweza kuwa "enormous" na bado akakaa kwenye kiganja. Chunga tu ndugu yake "enormity". Kwa wahariri wengi hiyo ni ubaya wa kutisha, uovu. Ukiandika "the enormity of our new office" umewashtaki wenye ofisi.

"Huge" sina la kusema, itumie.

Sasa "small" na "little". Hapa sitakimbia, maana wengi wanaanguka wakiwa wameshafika nyumbani.

"Small" ni kipimo. "Little" ni kipimo chenye jicho la msemaji. "A small house" nimeiona, ina vyumba viwili. "A little house" nimeiona na nimeihisi: naipenda, au naihurumia, au naidharau, mazungumzo ndiyo yatakuambia. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kiambishi. Nyumba ndogo ni maelezo, kijumba ni hisia. Mtoto mdogo, kitoto. Na kama vile ki- yetu inavyoweza kubembeleza au kutukana kwa sauti tu, ndivyo ilivyo "little". "You little angel" na "you little thief", neno ni moja.

Kwa sababu hiyo "little" haipendi kukaa mwisho wa sentensi peke yake. "The room is small" ni sawa. "The room is little" inasikika kama mtoto anaongea. Na ukilinganisha, usiseme "littler" kwenye maandishi, chukua "smaller". Kivumishi kikifuatana na chenzake cha ukubwa, huyu "little" hukaa karibu na nomino: "a big little problem" imewahi kuandikwa kwa utani, na utani wenyewe umekaa hapo hapo.

Mafuta yako sasa. "A little oil" ni mafuta kidogo, yapo, yatie. "Little oil", bila hiyo "a", ni kulalamika kwamba mafuta ni haba, karibu hakuna. Herufi moja. Mtu akisoma "there is little oil in the machine" anakwenda kutafuta chupa. Akisoma "there is a little oil in the machine" anakaa aendelee kushona. Kwenye mwongozo wa cherehani hiyo ndiyo tofauti ya chombo kufa na kupona, na alama ile ya kuuliza mwenzangu nampa pongezi. Andika "Add a little oil", au ukitaka usalama kabisa, andika matone mangapi.

Wengine wa huko chini ni wepesi. "Tiny" ni dogo la kufurahisha au la kushangaza. "Minute" ni dogo la darubini, na tafadhali itamkwe mai-nyuut, la sivyo utakuwa umetaja dakika. Hata hivyo ni ndugu: dakika ya Kiingereza ilianza kama "sehemu ndogo" ya saa katika Kilatini, na sekunde ni "ile ya pili" baada ya hiyo ndogo ya kwanza. "Minor" ni dogo kwa umuhimu, si kwa vipimo: minor repair. Na "compact" ni dogo lililoandikwa na muuzaji.

Kuhusu -refu, naomba tuifungulie uzi wake. Mtu ni "tall", mlima ni "high", kamba ni "long", kisima ni "deep", sisi wote hao tunawavika kanzu moja. Leo sina nguvu.

bwana_mkato

Na jumbo? Hiyo si ni ya kwetu jamani? Nimesoma mahali kwamba ni "jambo" au "jumbe" iliyopotea njia.

koma_na_nukta

Umesoma, maana imeandikwa sana. Iliyoipa "jumbo" maana ya ukubwa ni tembo kweli, Jumbo, aliyekuwa bustani ya wanyama ya London tangu 1865, akauzwa kwa P. T. Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, mwaka 1882, akagongwa na treni Kanada mwaka 1885. Lakini Kiingereza cha mitaani kilikuwa na "jumbo" kabla ya tembo huyo, kwa maana ya mtu mzito asiye na wepesi wa mwili. Kwa hiyo mimi siidai. Tembo mwenyewe ndiye wa Afrika, mchukue huyo.

bwana_mkato

Namchukua. He is absolutely huge.

koma_na_nukta

Umefaulu.

mshona_sentensi

Wakuu, narudi na mrejesho.

Nimekaa na mwongozo siku mbili. Nilifanya kama mlivyosema: kila palipo na -kubwa nikaandika nomino peke yake kwenye karatasi, nikaiulizia mwenzake. Noise, speed, tension, stitch, care, amount, difference. Kati ya zile tisa, "big" imebaki moja tu, ile ya tofauti ya sindano, na hiyo nimeipigia mstari mwenyewe kwa furaha. Mafuta nimeandika "two drops". Mwongozo umerudi leo asubuhi ukiwa mweupe. Nimeutazama mara mbili nikidhani wamenitumia faili lisilo lenyewe.

Kwenye hadithi, mzee nimemwondolea kivumishi kabisa. Nimeandika kwamba alipokohoa, waliokuwa wanacheka walitazama chini. Shamba sasa ni "vast". Sentensi moja nimeifuta yote, haikuwa na kosa lolote, nimeichoka tu.

Hadithi nayo imerudi, ina alama nyekundu moja. Mama mdogo. Nilikumbuka kwamba "small mother" haifai, nikakumbuka na lile somo la "little" yenye upendo ndani yake, na huyu mama yangu mdogo nampenda kweli, ndiye aliyenilea. Nikaandika "my little aunt".

Pembeni mhariri kaandika: "How old is she? Four?"